Jinsi ya Kujifunza Nyimbo za Asili Mtaani Kwenu, Kuanzia Itikio

Kila tukimaliza kuimba kwenye shughuli, jasho halijakauka, kuna mtu hunivuta pembeni. Maswali ni yale yale. Sijui kuimba, naweza kujiunga? Mtaani kwetu tuko makabila kumi, tuimbe nyimbo za nani? Lazima tununue ngoma? Bibi yangu anazijua lakini anasema amesahau, nifanyeje? Nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi. Sasa nayaandika yote pamoja, kwa utaratibu tunaoufuata sisi wenyewe.

Sisi tuko Mbagala, Dar es Salaam. Tunakutana Jumamosi jioni uani kwa jirani yetu mmoja, chini ya mwembe. Wamo Wazaramo waliokulia kwenye ngoma ya mdundiko, Wangoni wa ngoma ya lizombe, Wamakonde, Wasukuma, Wagogo, na vijana waliozaliwa hapa hapa ambao lugha yao ya kwanza ni Kiswahili. Wawili ni mama lishe, mmoja fundi cherehani, mwingine kondakta wa daladala. Anayetaka kusomea sanaa na kupata cheti aende TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni kule Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Mwongozo huu ni wa watu wa mtaani wanaotaka kuimba pamoja.

Jambo moja lishike kabla ya mengine yote: anzeni na kuitikia. Vikundi vingi hufa mapema kwa sababu siku ya kwanza vinahangaika kumpata mwenye sauti nzuri wa kuongoza, na waliobaki wanageuka watazamaji. Itikio, ile sehemu ambayo wote wanamjibu anayeongoza, likishika, mwimbishaji akisahau ubeti wimbo hausimami. Itikio likiwa legelege, hata mwenye sauti tamu kuliko wote atachoka peke yake.

MAHITAJI KABLA YA KUANZA

- Watu 8 hadi 15. Wakipungua hapo, akiugua mmoja itikio linapwaya. Wakizidi, anayefundisha hawezi kumsikia anayekosea.
- Mtu mmoja anayeujua wimbo kwa kuuishi: aliyeulimia, aliyeuchezea harusini, aliyebembelezwa nao. Si lazima awe mzee sana.
- Mahali mnapoweza kukanyaga. Uwanja wa udongo ni bora. Sebuleni kwenye makochi wimbo hauji.
- Simu moja ya kurekodi. Moja tu, mkononi mwa mtu mmoja.
- Daftari moja la kikundi.
- Nauli ya mwalimu wenu, chai yake, na kifuta jasho mlichokubaliana naye mapema. Sukari kilo mbili na kanga ni heshima nzuri, lakini kama mmemtoa kwenye shughuli zake kila wiki, mlipeni.
- Taarifa kwa mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, hasa mtakapofikia kupiga ngoma.

Ngoma zenyewe sikuziweka hapo kwa makusudi. Zinakuja hatua ya tisa.

HATUA KWA HATUA

1. Tafuteni mtu kwanza, rekodi baadaye.

Wimbo wetu wa kwanza kabisa tuliuchukua kwenye kaseti ya zamani. Ulikuwa mtamu, una itikio zuri, tukaufanyia mazoezi wiki sita. Tukaenda kuuimba kwenye harusi. Tulipofika ubeti wa pili, akina mama watatu waliokaa jamvini upande wa bwana harusi wakajifunika kanga usoni, mmoja akanyanyuka akatoka nje. Ulikuwa wimbo wa matanga. Hatukuwa na mtu hata mmoja wa kutuambia. Nilikwenda kuwaomba radhi siku iliyofuata, na hadi leo nikiukumbuka ule ukimya nasikia baridi.

Kwa hiyo mtafuteni mwenye wimbo. Nendeni kwake mkiwa wawili, mmoja awe anayemfahamu. Shikamoo isiwe ya kupita tu, kaeni. Mkijua salamu ya kwao itumieni: Msukuma ukimwambia "mwangaluka" asubuhi, au Mgogo ukimwambia "mbukwa", uso unafunguka. Siku hiyo simu ibaki mfukoni.

Na akisema "nimesahau, mwanangu"? Mara nyingi hajasahau. Ulimi wake umesahau, mikono inakumbuka. Bibi yetu wa Kigogo alituambia hivyo hivyo, hajui tena wimbo wowote. Tulikaa naye tukimsaidia kuandaa chakula. Akachukua ungo akaanza kupeta mchele, cha-cha, cha, cha-cha, cha, na alipofika kama mara ya kumi nikasikia anaguna chini kwa chini, mdomo umefungwa. Hatukusema neno. Mchele ulipokwisha alikuwa ameshaimba beti tatu, na alipoinua macho akatuona tunamtazama alicheka mpaka akaweka ungo chini. Basi mpeni kazi mliyo nayo: kutwanga, kuchambua mchicha, kumbembeleza mjukuu.

Rekodi za zamani zina faida yake pia. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma na nyimbo, na kazi yake imehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam nayo ilirekodi ngoma nyingi za mikoani. Mkipata rekodi ya namna hiyo, mpelekeeni mwalimu wenu aisikilize yeye kwanza. Yeye ndiye wa kusema kama inafaa.

2. Ulizeni kabla ya kuimba.

Maswali haya yaandikwe kwenye daftari pamoja na majibu: Wimbo huu unaimbwa wakati gani? Wanaimba wanawake, wanaume, au wote? Kuna mahali hauimbwi? Ulijifunza kwa nani? Sisi tusio wa kabila lenu tunaruhusiwa?

Swali la mwisho huwatia watu hofu, lakini kwa uzoefu wangu wazee wengi hufurahi kuulizwa. Kinachowaudhi ni kunyang'anywa. Akisema wimbo huu ni wa ndani, wa jando, wa unyago au wa matambiko, fungeni daftari. Msimbembeleze, msimrekodi kwa siri. Nyimbo za wazi ziko nyingi kuliko maisha yenu yote. Mjue pia kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inagusa sanaa za jadi, kwa hiyo siku mkitaka kuuza rekodi, zungumzeni kwanza na afisa utamaduni wa wilaya.

3. Chagueni wimbo mmoja.

Mmoja! Kaeni nao miezi miwili. Wimbo wa kazi ndio mwepesi kwa wanaoanza, kwa sababu itikio lake ni fupi na mwili unajua cha kufanya. Bugobogobo ya Wasukuma, kwa mfano, ni ngoma ya wakulima, na majembe yenyewe huchezeshwa na kurushwa. Nyimbo za kutwanga na za kubembeleza watoto nazo ni nzuri. Zile za Kigogo zenye sauti nyingi zinazotengana na kukutana ziacheni kwanza, hata kama ndizo zinazowavutia. Sisi tulizifikia mwaka wa pili.

4. Sikilizeni mara tatu, midomo imefungwa.

Mara ya kwanza tazameni uso wa anayeimba. Mara ya pili tazameni miguu yake. Mara ya tatu sikilizeni anapovuta pumzi. Hapo anapovuta pumzi ndipo wimbo umekatwa, na ndipo nanyi mtakapovuta. Watu huona hatua hii ni kupoteza muda. Msiiruke.

5. Miguu na makofi kabla ya maneno.

Simameni duara. Mwalimu aimbe, ninyi mkanyage tu. Mkishakanyaga pamoja, ongezeni makofi. Angalieni kofi linaangukia wapi: mara nyingi haliangukii pale mguu unapokanyaga, liko katikati, na hapo ndipo wimbo unapopata mwendo wake. Anayekosa asifokewe. Awekwe kati ya wawili wanaopatia, bega kwa bega, atashika kwa kuguswa.

Legezeni mabega. Bibi yetu alikuwa anapita nyuma yetu akitushusha mabega kwa viganja vyake, mmoja mmoja, bila kuacha kuimba.

6. Itikio.

Huu hapa mfano nilioutunga kwa ajili ya mazoezi tu:

Mwimbishaji: Mvua imenyesha bondeni
Waitikiaji: Tulime, tulime
Mwimbishaji: Jembe langu li mkononi
Waitikiaji: Tulime, tulime

Kosa la kila kikundi kipya ni kusubiri. Mwimbishaji anamaliza "bondeni", kimya kidogo, ndipo watu wanaingia. Kile kimya kinaua wimbo. Wimbo hupokewa kama ndoo ya maji inavyopokewa kichwani mwa mwenzio: hungoji aiachie, mikono yako inafika kabla yake haijatoka. Anapofika kwenye "-ni" ya "bondeni", "tu-" yenu iwe imeshatoka. Na yeye vivyo hivyo, aingie juu ya "-me" yenu ya mwisho. Fanyeni hivyo dakika kumi mfululizo bila kusimama. Mtasikia wimbo umefunga kama duara.

Kuhusu urefu wa sauti: anzeni chini. Wanaoanza hupandisha kwa furaha, na kwenye ubeti wa tano kila mtu anakaba koo. Mwacheni mwanamke mkubwa kuliko wote kwenye kikundi aanzishe. Anapofika yeye kwa raha, wengi watafika.

7. Maneno yasemwe kabla hayajaimbwa.

Kama wimbo si wa Kiswahili, mwombeni mwalimu aseme mstari mmoja kama anavyomwambia mtu jambo, nanyi mrudie kwa kusema. Hapa nawaomba mtulie sana. Kiswahili hakijali kama silabi imesemwa kwa sauti ya juu au ya chini, neno linabaki lile lile. Kisukuma na Kigogo vinajali. Ukishusha panapopandishwa unaweza kusema neno jingine kabisa, na tune ya wimbo mara nyingi inafuata kupanda na kushuka huko. Sisi tuliozoea Kiswahili tunanyoosha kila kitu, tunadhani tunaimba sawa kwa sababu herufi ziko sawa.

Andikeni maana ya kila mstari, si maana ya jumla. "Ni wimbo wa mavuno" haitoshi. Nani anaongea? Anamwambia nani? Anamtania au anamlilia?

Daftari libaki kwa katibu. Msigawe karatasi za maneno. Mtu akiwa na karatasi macho yanashuka, shingo inakunjika, na sikio linalala.

8. Ongozeni kwa zamu.

Sasa ndiyo tafuteni waimbishaji, na jibu ni kila mtu. Kila mmoja aongoze beti mbili kisha ampe mwenzake, hata mwenye sauti ya kukwaruza. Yule kondakta wetu alikuja akisema hajui kuimba, koo lake limezoea kuita "Kariakoo, Kariakoo!" barabarani. Ndiye manju wetu leo, kiongozi wa nyimbo. Sauti iliyozoea kuita watu ndiyo inayohitajika kwenye uwanja wa wazi.

Muulizeni mwalimu ni mistari ipi haibadiliki na ipi mwimbishaji anaweza kutunga papo hapo. Kwenye nyimbo nyingi kuna nafasi ya kumsalimu mwenyeji, kumtaja bibi harusi, kuwachokoza wakwe. Nafasi hiyo ni sehemu ya wimbo kama maneno yenyewe. Ila msiingize mistari yenu kabla hamjaijua ile ya asili.

9. Ngoma na vyombo.

Hadi hapa mmetumia makofi. Ongezeni debe, au ndoo ya lita 20 iliyogeuzwa, kisha manyanga au kayamba, kisha ngoma zenyewe kama zipo. Anzeni na chombo kimoja, mpigaji wa pili asubiri mpaka wa kwanza ametulia.

Ngoma ya ngozi iwekwe juani au karibu na moto kabla ya kupigwa, ngozi ikaze. Karibu na moto, si juu yake, na igeuzwe geuzwe. Tumeshuhudia ngozi ikipasuka kwa haraka ya mtu mmoja, na kuwamba upya si kazi ya jioni moja. Ulizeni pia nani hupiga. Muheme ya Wagogo ni ngoma ya wanawake, hubanwa katikati ya mapaja na kupigwa kwa mikono, na mkao huo ni sehemu ya uchezaji. Usimpe kijana yeyote kwa sababu tu ana nguvu.

Kipimo cha sauti ya ngoma ni hiki: aliyesimama mwisho wa duara asikie maneno ya mwimbishaji. Asiposikia, mpigaji apunguze.

10. Pelekeni wimbo kwa wenyewe.

Kabla ya kuimba popote hadharani, uimbeni mbele ya mwalimu na ndugu zake watatu wanne wa kabila hilo. Msikae nao kama waamuzi wa mashindano. Pikeni chai, imbeni, kisha nyamazeni wawaambie. Wakianza kuitikia wenyewe bila kuombwa, au bibi mmoja akipiga kigelegele pale pale panapostahili, mmefika.

ONYO KWA WATU WA KWAYA

Wengi wetu tumetoka kwenye kwaya, mimi nikiwa mmoja wao, na kwaya imetupa pumzi na nidhamu. Lakini kuna mazoea ya kuyaacha mlangoni. Msigawane sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Msiandike do-re-mi. Na tafadhali msitafute wimbo wa asili kwenye kinanda. Muziki wa Wagogo unatumia noti tano ambazo hazikai sawasawa kwenye vibonye vya kinanda. Ukiulazimisha, unaunyoosha mpaka unakuwa wimbo mwingine. Msikilizeni marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, jinsi sauti yake na zeze vinavyokaa mahali pamoja. Kinanda hakiwezi kufika hapo.

Msisimame wima kama kwenye picha, pia. Mwili ukisimama, wimbo unasimama.

MKIKWAMA

Wimbo unakimbia. Mmeanza taratibu, dakika ya tatu mnafukuzana. Kwa kawaida makofi ndiyo yanayokimbia. Acheni makofi, bakini na miguu, kisha yarudisheni.

Sauti zinakauka. Mnaimba kwa koo, au mmeanza juu. Shusheni, kunyweni maji ya uvuguvugu, na mazoezi yasizidi saa moja na nusu.

Wazee wawili wana matoleo mawili. Wote wako sahihi. Mmoja amekulia kijiji hiki, mwenzake ng'ambo ya mto. Msiwashindanishe na msichanganye. Jifunzeni la mwalimu wenu, la pili liandikeni na kulirekodi, na mkiulizwa semeni mmejifunza kwa nani.

Vijana wanaona haya. Wapeni kazi ya kwanza kwenye makofi na vyombo, wakae upande mmoja pamoja. Kijana akimwona kijana mwenzake anacheza, haya inaondoka yenyewe. Msiwacheke wanapokosea matamshi ya lugha za babu zao. Hakuna kinachowakimbiza haraka zaidi.

Mtu anasema dini yake hairuhusu. Mweleze wimbo unasema nini, mstari kwa mstari, kutoka kwenye daftari. Nyimbo nyingi ni za kulima, kutaniana, kusifu ng'ombe. Akiona bado hapana, mheshimu, asilazimishwe kuuimba huo.

Watu wanachelewa. Anzeni na waliopo, kwa miguu na makofi. Anayefika anaingia kwenye duara linalotembea, hakuna kurudia.

Mwalimu amechoka au anaumwa. Msimbebe kwenye bodaboda kuja mazoezini. Nendeni kwake wawili watatu, imbeni taratibu kando yake, asahihishe kwa mkono. Na wakati bado ana nguvu, mrekodini pia akieleza, si akiimba peke yake: wimbo ulitoka wapi, nani alimfunza, siku gani aliuimba akafurahi. Muulizeni kama rekodi hiyo iende kwa wengine au ibaki kwenu na kwa wanawe. Nakala moja wapewe wanawe kwa hali yoyote.

Mnataka kujulikana rasmi. Vikundi vya sanaa husajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Anzieni kwa afisa utamaduni wa wilaya, atawaelekeza fomu. Si lazima kwa kuimba uani.

Mmealikwa kwenye shughuli na wimbo haujaiva. Hili litawapata, kwa sababu mtaa ukishasikia mnaimba haungoji. Msikatae, na msijifanye mmeiva. Nendeni mkamwombe mwenyeji amtafute bibi au shangazi mmoja wa ukoo aanzishe wimbo wowote anaoupenda, na ninyi simameni nyuma yake. Mkanyage, mpige makofi, mpokee.